John Colin Carothers

John Colin Carothers (1903 – 1989) alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni ya Kenya aliyesimamia Hospitali ya Magonjwa ya Akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Anajulikana hasa kwa maandishi mawili: kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1953, na ripoti kuhusu Mau Mau aliyoiandikia serikali ya Kenya mwaka 1954. Katika kazi hizo alijaribu kueleza ubongo na tabia ya watu wa bara zima, huku msingi wake mkubwa ukiwa wagonjwa aliowaona katika hospitali moja. Maandishi yake yalisomwa na madaktari, watawala na walimu kwa miaka mingi, na yalipingwa vikali na madaktari Waafrika na wa asili ya Kiafrika, hasa Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria na Frantz Fanon wa Martinique.

Maisha ya awali

Carothers alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903, akasomea udaktari nchini Uingereza. Mwaka 1929 aliajiriwa katika idara ya tiba ya serikali ya Kenya. Kwa miaka tisa alikuwa daktari wa kawaida, akitibu malaria, vidonda, nimonia na kila kilichofika mlangoni, kama walivyofanya madaktari wengi wa serikali wakati ule.

Mwaka 1938 alihamishiwa Mathari. Msimamizi aliyekuwepo alikuwa ameondolewa, na serikali ilihitaji mtu wa kushika nafasi hiyo upesi. Carothers hakuwa bingwa wa magonjwa ya akili. Alijifunza kazi akiwa kazini, na mafunzo rasmi ya fani hiyo aliyapata baadaye alipokwenda Uingereza kwa likizo. Pamoja na Mathari alikuwa pia daktari wa gereza la Nairobi. Jambo hilo si dogo katika habari hii, kwa kuwa Waafrika aliowachunguza kwa karibu kwa miaka 12 walikuwa ama wagonjwa waliofungiwa ama wafungwa.

Mathari na utafiti wa ubongo kabla yake

Hospitali ya Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na ilipewa jina la Mathari mwaka 1924. Iligawanywa kwa rangi: Wazungu, Waasia na Waafrika kila kundi na sehemu yake, chakula chake na matunzo yake. Sehemu ya Waafrika ndiyo iliyosongamana kuliko zote.

Carothers aliikuta nadharia tayari ipo Nairobi. Katika miaka ya 1930 daktari wa Mathari aliyeitwa H. L. Gordon alidai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya haukui kufikia kiwango cha ubongo wa Mzungu, na kwamba elimu ya Kizungu inaweza kumletea kijana wa Kiafrika wazimu. Gordon alipata nguvu kutokana na kazi ya F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya utafiti wa tiba ya serikali hapo Nairobi. Vint alichunguza ubongo wa Waafrika 100 waliofariki, akapima unene wa gamba la ubongo na kutazama chembe zake kwa hadubini. Matokeo aliyachapisha mwaka 1934 katika jarida la anatomia la Uingereza. Alisema gamba hilo ni jembamba kuliko la Mzungu kwa karibu asilimia 15.

Msomaji asiye daktari anaweza kujiuliza kosa liko wapi, maana mizani haina ubaguzi. Kosa liko katika ulinganisho. Vint hakupima ubongo wa Wazungu katika maabara yake kwa mikono yake mwenyewe na kwa dawa zile zile za kuhifadhia. Alichukua takwimu zilizochapishwa Ulaya na watu wengine. Uzito wa ubongo na unene wa gamba lake hutegemea ukubwa wa mwili, umri, ugonjwa uliomuua mtu, chakula alichokula tangu utoto, saa zilizopita tangu alipofariki, na jinsi kipande kilivyohifadhiwa na kukatwa. Maskini aliyefia hospitalini kwa ugonjwa wa muda mrefu hawezi kuwa kipimo cha taifa. Zaidi ya hayo, hata tofauti ya kweli ya gramu kadhaa isingesema lolote juu ya uwezo wa kufikiri.

Mwaka 1933 Gordon na wenzake, wengi wao walowezi na madaktari, walianzisha chama nchini Kenya cha kuchunguza namna ya kuboresha jamii za watu. Kilifuata eujeniki, yaani fundisho lililotaka vizazi vya binadamu viboreshwe kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Waliomba serikali ya Uingereza igharamie utafiti mkubwa wa akili za Waafrika. London haikutoa fedha hizo. Wanasayansi kadhaa wa Uingereza walikuwa wameanza kuitilia shaka eujeniki, na hapo Kenya penyewe Louis Leakey, aliyelelewa miongoni mwa Wakikuyu, alipinga hoja hizo.

Jambo hili liligusa shule moja kwa moja. Kama ubongo wa kijana hauwezi kupokea elimu ya juu, kujenga shule za sekondari ni kupoteza fedha za umma. Lakini shule zilikuwa zikijibu. Alliance High School ya Kikuyu ilikuwa imefunguliwa mwaka 1926, na mmoja wa watu waliopita humo, Eliud Mathu, alikwenda kusoma hadi Chuo cha Balliol, Oxford, na mwaka 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Jomo Kenyatta naye alisomea anthropolojia London chini ya Bronisław Malinowski, na mwaka 1938, mwaka ule ule Carothers alipoingia Mathari, alichapisha kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu, Facing Mount Kenya.

Kazi ya Mathari na hesabu za 1947

Mwaka 1947 Carothers alichapisha uchunguzi wake mkubwa wa kwanza. Alichukua Waafrika zaidi ya 500 waliolazwa Mathari kati ya mwaka 1939 na 1943, akawapanga kwa aina ya ugonjwa, kisha akagawanya idadi yao kwa idadi ya Waafrika wa Kenya. Alipata chini ya wagonjwa 4 wapya kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango kidogo mno kikilinganishwa na kile cha Uingereza. Aliona pia kwamba sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito unaomfanya mtu akate tamaa na kujilaumu, ulikuwa haba sana. Kutokana na hayo alisema wazimu si wa kawaida kwa Mwafrika anayeishi katika mila zake, na kwamba huongezeka anapoacha kijiji na kwenda mjini au kwenye kazi ya mshahara.

Kwa haki yake isemwe kwamba hakuridhika na jibu la damu peke yake. Alilinganisha na takwimu za Wamarekani Weusi, ambao asili yao ni Afrika lakini hospitali zao zilikuwa na wagonjwa wengi, na akaona kwamba tofauti haiwezi kuwa ya kurithi tu. Alielekea kwenye malezi, mila, chakula na maradhi. Hapo alikuwa mbele ya Gordon.

Lakini hesabu yenyewe ilikuwa na ufa tangu mwanzo. Nani alifika Mathari? Mtu aliletwa na polisi, au kwa amri ya hakimu, au na mwajiri aliyeshindwa naye. Aliyepiga watu, aliyechoma nyumba, aliyevua nguo sokoni Nairobi, huyo alikamatwa akapelekwa. Mama aliyekaa kitandani wiki nne bila kula wala kusema, akilia kwamba amelaaniwa, hakuna askari aliyemfuata. Jamaa zake walimpeleka kwa mganga, wakamfanyia tambiko, au walimtunza kimya. Aliyetoka Turkana au Pwani alikuwa na safari ya siku nyingi kufikia Nairobi, wakati aliyeishi karibu na reli au shamba la mlowezi alikuwa chini ya macho ya serikali. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba waliotoka mijini na mashambani kwa walowezi walionekana wengi kuliko wa vijijini. Walikuwa karibu na mlango. Takwimu za Mathari zilipima umbali wa mtu na serikali kuliko zilivyopima akili yake.

Hata leo wazazi wengi katika vijiji vya Kilosa, Mahenge au Kitui wenye mtoto anayeanguka kifafa au aliyechelewa kusema huanza kwa mganga wa kienyeji, na wengine hawafiki hospitali kamwe. Mtu akihesabu watoto waliomo kwenye rejista ya hospitali ya wilaya akasema hao ndio wote, amerudia kosa la 1947.

Sehemu ya mbele ya ubongo

Mwaka 1951 Carothers aliandika makala juu ya kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo na Mwafrika. Ili kuielewa lazima kukumbuka hali ya tiba wakati huo. Mwaka 1935 daktari wa Ureno, Egas Moniz, alianza upasuaji wa kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine, ili kuwatuliza wagonjwa wa akili. Mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, na upasuaji ukaenea Ulaya na Marekani. Waliofanyiwa walitulia, lakini wengi walipoteza uwezo wa kupanga, kujali na kuona mbali.

Carothers alilinganisha tabia alizodai ni za Mwafrika wa kawaida na tabia za Mzungu aliyekwisha kukatwa nyuzi hizo. Aliona zinafanana, akakisia kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Tabia zenyewe alizipata wapi? Alizipata kwa wagonjwa na wafungwa wake, kwa watumishi wa nyumbani, na kwa maoni ya mabwana zao juu yao. Mtumishi anayemjibu bwana wake kwa maneno mafupi na kufanya alichoambiwa tu hana upungufu katika ubongo. Huenda anajua vizuri sana kwamba akisema zaidi atafukuzwa.

Mwaka 1953 hoja hizo zilipanuliwa kuwa kitabu, The African Mind in Health and Disease, kilichotolewa na WHO mjini Geneva katika mfululizo wake wa vitabu vya kitaalamu. Carothers alikusanya humo maandishi ya watu wengi kuhusu Afrika nzima kusini ya Sahara: hali ya nchi, lishe, minyoo, malaria, kwashakoo, anatomia ya ubongo, malezi ya watoto, aina za wazimu. Kuna kurasa zenye manufaa, hasa zile zinazoonyesha jinsi njaa na maradhi ya utotoni yanavyoweza kumdhoofisha mtu maisha yake yote. Alieleza pia mtoto wa Kiafrika anavyobebwa mgongoni na kunyonya kila anapotaka, kisha kuachishwa ziwa kwa ghafla, na akajaribu kujenga juu ya hilo tabia ya mtu mzima. Ila mwishoni anarudi pale pale kwenye Mwafrika mmoja wa jumla, asiye Mluo wala Mswahili wala Mhausa, asiye mkulima wala mwalimu, ambaye ubongo wake unafanana na ule uliokatwa.

Nembo ya shirika la kimataifa iliyokuwa juu ya jalada ilikipa kitabu uzito ambao mwandishi peke yake asingeupata. Kilitumika kufundishia madaktari na maofisa, na kilitajwa katika vitabu vingine kana kwamba jambo limekwisha kuthibitishwa.

Ripoti ya Mau Mau

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Aprili 1953 Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba huko Kapenguria. Carothers alikuwa tayari amehamia Uingereza, akifanya kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili, lakini mwaka 1954 serikali ya Kenya ilimwita arudi kwa muda mfupi ili aeleze kwa nini Wakikuyu wameasi. Ripoti yake, The Psychology of Mau Mau, ilichapishwa na mpiga chapa wa serikali mjini Nairobi mwaka huo huo.

Ni kijitabu chepesi kwa kurasa, lakini ndicho kilichoacha alama kubwa kuliko maandishi yake mengine yote nchini Kenya. Alisema Mkikuyu amekatika kutoka katika mila zake bila kuingia sawasawa katika maisha mapya, kwamba hofu na wasiwasi wa hali hiyo ndiyo chanzo, na kwamba kiapo cha Mau Mau kiliwafunga watu kwa nguvu za uchawi. Ardhi iliyochukuliwa na walowezi, kipande ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba, mishahara midogo, na kukosa sauti bungeni hayakupewa uzito wake. Mtu aliyenyang'anywa shamba la babu yake hahitaji daktari wa akili amweleze kwa nini ana hasira.

Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwamo la kuwakusanya Wakikuyu, waliozoea kuishi kila familia kwenye kilima chake, katika vijiji. Pia alitaka wafanyakazi wa mjini waweze kuishi na wake na watoto wao badala ya kukaa peke yao katika vyumba vya kulala, pendekezo ambalo wengi wangelikubali. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 serikali ilianza kuwahamishia watu zaidi ya milioni moja katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa ncha, chini ya ulinzi, kwa saa za kutotoka nje. Mpango huo ulikuwa wa kijeshi, wenye lengo la kuwanyima wapiganaji wa msituni chakula, na ungefanywa hata bila ripoti ya daktari. Ripoti iliupa jina la tiba.

Lugha hiyo ya tiba ndiyo iliyosikika pia katika kambi za vizuizi, ambako makumi ya maelfu ya watu walishikiliwa. Mfungwa alihesabiwa kuwa mgonjwa wa kiapo, na kuungama kulihesabiwa kuwa kupona. Asiyeungama aliendelea kushikiliwa na kufanyishwa kazi ngumu. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, karibu na mto Tana, baada ya kukataa kufanya kazi, na mwanzoni serikali ilidai kwamba walikufa kwa maji waliyokunywa. Carothers hakuwa na mkono katika kambi hizo. Hata hivyo ripoti yake ilikuwa imekwisha kuwafundisha wenye mamlaka kuuona upinzani kama ugonjwa.

Wapinzani wake

Wakati kitabu cha WHO kilipokuwa kikisambaa, Thomas Adeoye Lambo alikuwa amerudi Nigeria baada ya kusoma Uingereza. Mwaka 1954 alianzisha huko Aro, Abeokuta, utaratibu wa kuwatibu wagonjwa wa akili wakiwa wamepanga vijijini pamoja na ndugu zao, wakienda hospitali kwa dawa mchana, na aliwashirikisha waganga wa jadi. Lambo aliandika kwamba maelezo kama ya Carothers yalikuwa hadithi za kukisia zilizovalishwa joho la sayansi. Alikuwa na sababu ya kusema hivyo, kwa kuwa aliwaona wagonjwa wake wakiwa nyumbani, na miongoni mwao aliwaona wengi wenye huzuni nzito na wasiwasi, magonjwa yale ambayo Mathari hayakuhesabiwa.

Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili huko Blida, Algeria, kuanzia mwaka 1953 hadi 1956, kisha akajiunga na wapigania uhuru wa nchi hiyo. Algiers nayo ilikuwa na madaktari Wafaransa waliodai kwamba Mwalgeria anaongozwa na sehemu za chini za ubongo. Katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1961 muda mfupi kabla hajafariki, Fanon alimweka Carothers pamoja na madaktari hao. Alionyesha kwamba fujo waliyoiita tabia ya kuzaliwa ilitokana na ukoloni wenyewe, na kwamba vita vya uhuru vilipoanza, watu wale wale walibadili mwenendo. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiswahili na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga, kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Wasomaji wengi wa Tanzania walikutana na jina la Carothers kwa mara ya kwanza humo.

Utafiti uliofuata

Suala la sonona lilijibiwa na watu waliotoka hospitalini kwenda kwa wagonjwa. Margaret Field, Mwingereza aliyekuwa mwanaanthropolojia na pia daktari wa akili, alikaa kwenye mahali pa matambiko vijijini Ghana, akaona wanawake wengi wakija kujilaumu kuwa ni wachawi. Kitabu chake cha mwaka 1960 kilionyesha kwamba wengi wao walikuwa na sonona kamili. Nchini Uganda, John Orley na John Wing waliuliza nyumba kwa nyumba katika vijiji viwili na kulinganisha na wanawake wa kusini mwa London. Mwaka 1979 walitangaza kwamba sonona ilikuwa nyingi zaidi katika vile vijiji vya Uganda.

Tanzania ina mfano wake katika mkoa wa Morogoro. Kuanzia karibu na mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, aliendesha kliniki ya kifafa huko Mahenge miongoni mwa Wapogoro. Wagonjwa walikuwa wakifichwa kwa kuogopwa kwamba kifafa kinaambukiza, na wengine walikuwa na makovu makubwa ya kuangukia motoni. Alipowafuata aliwakuta wengi kupita ilivyotarajiwa, na kati yao watoto waliokuwa wakitikisa kichwa mbele na nyuma bila kukusudia. Watafiti wa baadaye wamehusisha hali hiyo na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wa kando ya mito. Huu ni ubongo wa mtoto ulioumizwa na mazingira yake, na mazingira hayo yanaweza kubadilishwa kwa dawa na kwa kuwapiga vita inzi hao.

Sayansi ya ubongo yenyewe imesonga mbele sana tangu siku za Vint. Epijenetiki, tawi linalochunguza jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa bila mpangilio wa DNA kubadilika, imeonyesha kwamba lishe, maradhi, sumu na misukosuko ya tumboni na ya utotoni vinaweza kuacha alama katika chembe za ubongo unaokua. Kurithi na kulelewa havisimami tena kama pande mbili zinazoshindana, kama vilivyosimama kwa Gordon. Carothers aliyagusa baadhi ya mambo haya alipoandika juu ya kwashakoo na malaria, ila hakuwa na njia ya kuyapima, na aliyachanganya na makisio juu ya tabia ya watu.

Miaka ya baadaye

Carothers hakurudi kufanya kazi ya kudumu Afrika. Mwaka 1959 alichapisha Marekani makala kuhusu utamaduni, magonjwa ya akili na maandishi, akidai kwamba watu wasioandika huishi katika ulimwengu wa sauti, na wanaosoma huishi katika ulimwengu wa macho. Makala hiyo ilimfikia Marshall McLuhan wa Kanada, aliyeitumia sana katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu uchapaji, The Gutenberg Galaxy. Hivyo wazo lililozaliwa Mathari likaingia katika masomo ya mawasiliano duniani, na wengi waliolisoma humo hawakujua lilitokea kwenye wodi gani. Wala halikuzingatia kwamba Waswahili wa Pwani ya Kenya, nchi aliyoitumikia kwa miaka zaidi ya 20, walikuwa wakiandika tenzi na barua kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla serikali yake haijafika.

Mwaka 1972 alitoa kitabu kingine, The Mind of Man in Africa, ambamo alirudia mengi ya zamani kwa sauti ya chini zaidi. Wakati huo Kenya ilikuwa huru kwa miaka tisa, na kitabu hakikupata wasomaji wengi. Mwaka uliofuata Lambo alipanda kuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa WHO, shirika lile lile lililokuwa limechapisha kitabu cha mwaka 1953, na alishika nafasi hiyo hadi mwaka 1988. Carothers alifariki mwaka 1989.